BUSTANI NA SHAMBA: Mgeni Asiyekula cha Mwenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maneno hayo ni ya haki, kwa maana mgeni akaaye siku nyingi pasipo kufanya kazi hugeuka kuwa mzigo kwa mwenyeji wake. Lakini katika mashamba ya Nyeri, Karatina, Othaya na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya yuko mgeni mmoja ambaye hukaa juu ya mti miaka mingi, wala hanywi hata tone moja la utomvu wake. Mgeni huyo ni mmea uitwao okidi. Watu wengi humpita kila siku wasimtambue, na wengine humng'oa na kumtupa jalalani wakidhani kwamba ni mwizi.

Yafaa basi kila mwenye shamba ajue namna ya kumtambua mgeni huyu, namna ya kumkalisha juu ya mti wa matunda ulio hai, na sababu za kumtunza.

MAMA NA MPARACHICHI WAKE

Chukua mfano wa mama mmoja mjane, mkulima, ambaye shamba lake liko katika miteremko ya kati ya Nyeri na Othaya. Nyuma ya jiko lake umesimama mparachichi wa kienyeji uliopandwa na marehemu mumewe. Matunda yake ni mengi na matamu, walakini wanunuzi hawayataki. Wao hutaka aina ya Hass, yenye ganda gumu la vipele, ifaayo kusafirishwa ng'ambo.

Mwanawe, aliye karani mjini, alikuja siku ya Jumamosi pamoja na fundi wa kupandikiza miti. Shauri lake lilikuwa jema: mti ukatwe usawa wa kifua, machipukizi yaachwe yatoke, kisha yapandikizwe vikonyo vya Hass. Alipoutazama mti kwa karibu aliona juu ya shina na katika panda za matawi mashada ya majani mazito, na mizizi meupe kama kamba iliyotambaa huku na huku.

"Mama," alisema, "mti huu umekwisha nyonywa. Tazama wadudusi hawa walivyojaa shinani. Hata kama tusingetaka Hass, ungekufa tu."

Mama akacheka kidogo. "Mwanangu, hao si wanyonyaji. Marehemu baba yako alikuwa akileta kigoda chake hapa jioni kwa ajili ya harufu ya maua hayo. Mwizi unayemtafuta yuko juu, katika lile tawi lililokauka ncha. Panda ngazi ukamwone."

Kijana alipanda, akatazama, akashuka kimya. Mama yake, ambaye hakumaliza hata darasa la tatu, alikuwa amesema kweli.

KUMTAMBUA MGENI NA MWIZI

Tofauti ya mimea hii miwili si ngumu kwa mtu atakayetumia macho na vidole vyake.

Mnyonyaji hana mizizi inayoonekana nje. Shina lake hutoka ndani ya tawi lenyewe kana kwamba ni chipukizi la mti, na mahali linapotokea huvimba kama kifundo. Mbegu zake zina ulimbo. Ndege hula matunda yake, kisha hupangusa midomo yao au kuacha kinyesi juu ya matawi, na mbegu hunata hapo. Inapoota hutoboa gome na kuingia katika mishipa ya mti, ikavuta maji na chumvi zake. Tawi la mbele ya mahali hapo hudhoofu, na mwisho hukauka. Dawa yake ni moja tu: kulikata tawi nyuma ya kile kifundo, karibu na shina, kabla mnyonyaji hajazaa matunda.

Okidi haifanyi hivyo. Mizizi yake hutambaa juu ya gome tu, wala haiingii ndani. Ukipitisha ncha ya kisu kisicho kikali chini ya mzizi, utauinua na kuliona gome likiwa zima chini yake. Mizizi hiyo imevikwa ngozi nene kama sifongo. Wakati wa kiangazi huwa na rangi ya fedha. Ikinyeshewa na mvua hubadilika kuwa kijani mara moja, kwa sababu ngozi ile imekunywa maji. Chakula cha okidi ni mvua, umande, vumbi na majani yaliyooza katika nyufa za gome, na majani yake hujipikia kwa nuru ya jua kama mimea mingine. Kwa mti, okidi ni mpangaji anayeegemea ukuta na kuja na chakula chake mwenyewe.

Jambo moja tu lapaswa kukumbukwa. Tawi bovu lililojaa mimea mingi huweza kuvunjika kwa uzito, hasa baada ya mvua kubwa. Hilo ni kosa la tawi, wala si kosa la okidi.

MAUA YA USIKU

Okidi nyingi za nchi ya juu zina maua meupe. Mojawapo ijulikanayo sana kwa wataalamu ni Aerangis thomsonii, ambayo hupenda misitu ya baridi kama ile ya miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare. Nyingine ni Aerangis brachycarpa, na nyingine ile iliyozoeleka kuitwa Rangaeris amaniensis, ambayo jina lake limetokana na Amani katika milima ya Usambara, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa kilimo mwaka 1902. Katika nchi ya joto, hata pwani, iko okidi kubwa zaidi, Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoadoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui.

Mtu atakayelitazama ua la Aerangis ataona nyuma yake mrija mwembamba kama uzi, ambao urefu wake huzidi sentimeta 10. Mchana ua hilo halina harufu ya maana. Jua likizama huanza kunukia vizuri, na hapo ndipo huja nondo wakubwa wenye ulimi mrefu uliokunjwa kama kamba ya saa. Nondo huingiza ulimi wake katika mrija ili anywe maji matamu yaliyo ndani, na kichwa chake hubeba chavua na kuipeleka kwa ua jingine.

Mwaka 1862 mtaalamu wa Kiingereza, Charles Darwin, alilichunguza ua la okidi moja ya Bukini lenye mrija wa karibu sentimeta 30, akasema kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walimcheka. Mwaka 1903, miaka 21 baada ya kifo chake, nondo huyo alielezwa na wataalamu kwa jina na umbo. Nchini Kenya kwenyewe, Dino Martins na Steven Johnson walitangaza mwaka 2007 uchunguzi wao juu ya nondo na okidi za jamii hii. Walikuta kwamba maji yaliyo chini kabisa ya mrija yana sukari nyingi kuliko yaliyo karibu na mdomo wake. Yaani ua humvuta mgeni wake mpaka ndani, kwa kumwekea kilicho kitamu mwishoni.

MTI GANI UNAFAA?

Mti mwema wa kukalisha okidi una sifa tatu: gome lake lina mikwaruzo, halibanduki, na majani yake hupitisha nuru kiasi.

Mparachichi mkubwa wafaa sana, kwa kuwa gome lake hupasukapasuka na hushika unyevu. Lakini kivuli chake huwa kizito. Yafaa kupunguza matawi machache ya ndani ili jua la asubuhi lipenye. Mlimau na mchungwa ni miti mizuri, maana haikui mno, na mtu huweza kuiangalia okidi bila ngazi. Mplamu nao wafaa, ingawa hupukutisha majani wakati wa baridi na kuacha okidi wazi. Basi mmea uwekwe chini ya panda nene. Katika upande wa chini wa Embu, ambako mwembe hustawi, mwembe mzee ni kiti kizuri kabisa.

Mpera haufai sana. Gome lake hubanduka vipande vipande, na mzizi ulioshika gome hilo huanguka pamoja nalo. Kwa sababu iyo hiyo mkalitusi haufai. Mkahawa pia haufai, kwa kuwa hupogolewa mara kwa mara na kunyunyiziwa dawa.

KAZI YENYEWE

Wakati bora katika Nyeri ni mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, mvua za masika zinapokwisha kushika. Wakati huo ncha za mizizi huwa mbichi na za kijani, nazo huwa tayari kushika mahali papya. Upande wa Meru, ambako mvua za Oktoba na Novemba ni nyingi, kazi yaweza kufanywa pia wakati huo.

Kwanza, ng'oa mmea kwa upole. Lowesha mizizi kwa maji usiku uliotangulia, kisha uinue kwa kisu butu. Ikiwa mmea uko juu ya tawi litakalokatwa, ni heri kulikata tawi lote na kuuhamisha mmea pamoja na kipande cha gome lake.

Pili, kata mizizi iliyooza au iliyovunjika kwa kisu kilichopitishwa motoni. Mizizi iliyo hai ni migumu. Iliyokufa hubonyea kama karatasi iliyolowa.

Tatu, chagua mahali palipo usawa wa macho, upande wa mashariki wa shina. Hapo okidi itapata jua la asubuhi, nayo itakingwa na jua kali la alasiri.

Nne, uweke mmea ukielekea chini au ukiinama upande mmoja, ili maji yasikae katikati ya majani. Watu wengi huusimamisha wima kama kabichi; maji hutuama moyoni mwake, na baridi ya Julai inapokuja moyo huoza.

Tano, ufunge kwa utepe wa nguo ya pamba au soksi kuukuu, si kwa waya. Kamba ya mgomba yaweza kutumika pia, kwa kuwa huoza yenyewe mizizi inapokwisha kushika. Waya wa shaba hudhuru mizizi, na waya wa chuma huikata. Kifungo kiwe imara, maana mmea unaotikisika na upepo hauwezi kushika gome.

Sita, usitie udongo hata kidogo, wala samadi. Hili ndilo kosa linaloua okidi nyingi kuliko maradhi yote. Mtu huona huruma na kusema, "Utaishije bila udongo?" Kisha huufukia, na baada ya majuma machache mizizi imekosa hewa na kuoza.

MAJI, BARIDI NA DAWA

Mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka ni mikavu katika Nyeri, na Nanyuki ni kame zaidi kwa sababu iko nyuma ya mlima. Wakati huo okidi iliyohamishwa karibuni hunyunyiziwa maji ya mvua asubuhi, mara mbili au tatu kwa juma. Mizizi yenyewe itamwambia mtunzaji: ikiwa ya rangi ya fedha siku nyingi na majani yamekunjamana, ina kiu.

Kuanzia Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Ukungu hushuka, jua huadimika, na gome hukaa na maji mchana kutwa. Hapo mtunzaji aweke kopo lake chini. Baridi na maji vikikutana huzaa uozo, na maji ya jioni ndiyo mabaya kuliko yote.

Adui wengine ni konokono, ambao hula ncha za mizizi usiku, na wadudu wadogo wa magamba wanaojificha chini ya majani. Konokono waokotwe kwa mkono na taa. Wadudu wa magamba wapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha majani yaoshwe kwa maji safi.

Wakulima wa kahawa wana jambo la kuangalia zaidi. Dawa zenye shaba ambazo hunyunyizwa juu ya mikahawa ili kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa matunda huweza kuunguza mizizi ya okidi. Mti wenye okidi ukiwa karibu na mikahawa, mimea ifunikwe kwa gunia kabla ya kazi kuanza, na gunia liondolewe dawa inapokauka.

MSITU SI DUKA

Baada ya kusoma hayo, huenda mtu akachukua panga na kuingia msituni kutafuta okidi. Asifanye hivyo. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inakataza kuchukua mazao ya msitu wa Serikali pasipo kibali. Tena okidi zote zimo katika mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, nayo Kenya ni mwanachama. Kuzipeleka nje ya nchi bila hati ni kosa.

Sheria hiyo ina sababu. Tumba moja la okidi huweza kuwa na maelfu ya mbegu, nazo ni ndogo kama vumbi. Hazina chakula ndani yake kama punje ya mahindi au ya maharagwe. Mbegu ikianguka juu ya gome haiwezi kukua mpaka ikutane na kuvu fulani ambaye huilisha. Nyingi hazikutani naye, hufa. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuoteshwa katika chupa yenye chakula cha sukari bila kuvu, na tangu hapo vitalu vya okidi vimeenea ulimwenguni. Lakini msituni hakuna chupa. Mmea mtu anaoung'oa kwa dakika moja ulihitaji miaka mingi kufikia kutoa ua lake la kwanza.

Mwenye bustani ana njia mbili za halali. Anaweza kununua miche iliyooteshwa katika vitalu, au kuokoa okidi zilizo juu ya miti ya shamba lake mwenyewe wakati miti hiyo inapokatwa. Njia ya pili haina gharama, nayo ndiyo inayosahauliwa mno. Kila msimu miti mikubwa huangushwa mashambani kwa ajili ya mbao, kuni na makaa, na okidi huteketea pamoja na vitawi.

FAIDA NI NINI?

Mkulima mwenye ekari mbili ana haki ya kuuliza swali hili. Okidi haipikwi, wala haiuzwi pamoja na viazi katika soko la Karatina.

Yuko ndugu mmoja wa jamii ya okidi ambaye huleta fedha: vanila. Yeye pia hupandishwa juu ya miti iliyo hai, na wakulima wa Mukono na Bundibugyo katika Uganda humjua vizuri. Asili yake ni Meksiko. Alipopelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi alitoa maua pasipo matunda, mpaka mwaka 1841 ambapo kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, alivumbua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo, na imewatajirisha wengi. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Hata hivyo vanila hutaka joto, na mkulima wa Nyeri asipoteze fedha zake kwayo.

Basi faida ya okidi za milimani si ya mfukoni. Ni faida ya nyumba iliyo na kitu kizuri mlangoni, ya nondo wanaopata chakula, na ya watoto wanaojifunza kwamba si kila kinachokaa juu ya kingine kinakinyonya.

MWISHO WA MPARACHICHI

Yule mama alikubali mti ukatwe. Haikuwa rahisi kwake, maana ulikuwa mkono wa mumewe. Lakini ada za shule za wajukuu zilikuwa zikidai, na matunda yalikuwa yakiozea chini. Aliomba jambo moja tu: kazi ingojee mvua za masika.

Mwisho wa Machi mama na mwanawe waliondoa mimea saba. Mitatu waliifunga juu ya mlimau ulio karibu na jiko, na minne juu ya mplamu. Kijana, kwa kuona haya ya maneno yake ya kwanza, aliitunza kwa bidii nyingi, hata kila Jumamosi jioni aliimwagia maji, mvua na ukungu bila kujali. Mwezi wa Julai mimea miwili ilioza.

"Mwanangu," mama alimwambia, "mgeni hulishwa anapokuwa na njaa."

Mitano iliyobaki ilishika. Mwaka wa pili, vikonyo vya Hass vilipokuwa vimefika urefu wa mtu, mmea mmoja juu ya mlimau ulitoa ua. Jioni hiyo kijana alichukua kigoda cha baba yake, akakiweka chini ya mlimau, akamwita mama yake aje kuketi.

Basi kila mwenye shoka na azungukie shina kwanza kabla ya kupiga pigo la kwanza.